Programu ya Kukinga Virusi Inapotuhumu Faili Lisilo na Kosa

Katika ofisi nyingi za siku hizi, karani anayewasha kompyuta yake asubuhi huwa na mlinzi asiyemwona. Mlinzi huyo ni programu ya kukinga virusi, ambayo kwa ufupi tutaiita kingavirusi. Kazi yake ni kulichungua kila faili linaloingia, linalofunguliwa au linalonakiliwa, na kulizuia lile linaloonekana kuwa na madhara. Aghalabu mlinzi huyu hasemi neno. Lakini hutokea siku akatokeza ubao mwekundu katika skrini na kutangaza kwamba programu ya kukokotoa mishahara, ambayo ofisi imeitumia kwa miaka mitatu bila tatizo, ina virusi, na kwamba imekwisha kuondolewa. Mishahara yenyewe ni ya kesho kutwa.

Karani afanye nini? Wapo watakaomwambia kwamba mashine haikosei, kwa hiyo alifute faili hilo na kuiomba ofisi inunue programu nyingine. Wapo pia, na nadhani ndio wengi, watakaomwambia azime kingavirusi aendelee na kazi yake. Mashauri yote mawili ni mabaya. Makusudi ya makala haya ni kueleza kwa nini mlinzi huyu hukosea, kwa nini makosa yake hayawezi kukomeshwa kabisa, na namna mtu wa kawaida awezavyo kuipima tuhuma kabla ya kuikubali au kuikataa.

Tuhuma ya namna hii, yaani faili safi kudaiwa kuwa na virusi, wataalamu huiita kwa jina lililoazimwa kutoka katika vipimo vya maabara: jibu chanya la uongo. Hapa tutaiita tuhuma potofu.

Jinsi mlinzi anavyotambua

Njia ya kwanza na kongwe ni ya kulinganisha alama. Wachunguzi wa kampuni ya kingavirusi hupata nakala ya kirusi, wakaisoma baiti kwa baiti, kisha wakachagua mfululizo wa baiti ambao wanaamini haupatikani mahali pengine. Mfululizo huo ndio alama, nao hutiwa katika daftari ambalo kompyuta zote zenye kingavirusi hiyo hulipokea kwa njia ya intaneti, pengine mara kadhaa kwa siku. Ugumu uko katika kuchagua. Alama ikiwa ndefu na ya pekee mno, mwandishi wa kirusi atabadilisha sehemu ndogo tu na alama haitafaa tena. Ikiwa fupi na ya jumla mno, itapatikana pia katika programu za watu wasio na hatia, kama vile polisi aliyeambiwa amtafute mtu mrefu mwenye shati jeupe atakavyowakamata nusu ya abiria wa stendi.

Njia ya pili ni ya kutazama dalili. Badala ya kuuliza kama faili hili ni kirusi kinachojulikana, kingavirusi huuliza kama lina tabia za virusi. Je, linajiandika katika orodha ya programu zinazoanza pamoja na kompyuta? Linabadilisha mafaili ya programu nyingine? Linasoma vibonye vinavyobonyezwa? Yaliyomo yamebanwa ili yasisomeke kwa urahisi? Dalili hizi zina maana, ila hakuna hata moja iliyo ya virusi peke yao. Programu ya kuhifadhi nakala za akiba hugusa mafaili mengi kwa muda mfupi, na programu ya kumsaidia mteja kwa mbali huitawala kompyuta ya mwingine. Ndiyo kazi yake. Kuna kifaa kiitwacho UPX, cha bure na halali, ambacho hubana programu ili ichukue nafasi ndogo. Waandishi wa virusi hukipenda kwa kuwa huficha kilichomo ndani, na matokeo yake ni kwamba programu nyingi za halali zilizobanwa nacho hutiliwa shaka kwa sababu ya kifungashio tu.

Njia ya tatu ni changa zaidi. Kompyuta kubwa za kampuni hufunzwa kwa mamilioni ya mafaili mabaya na mema mpaka zikaweza kukadiria, bila ya kuambiwa kanuni, faili jipya lafanana na kundi lipi. Pamoja na hilo hutazamwa sifa ya faili duniani: ni kompyuta ngapi zimewahi kuliona, na tangu lini. Hapa ndipo watunga programu wa kwetu wanapoumia. Programu iliyoandikwa na kijana wa Mwanza kwa ajili ya vyama 12 vya akiba na mikopo haijaonwa na mtu yeyote nje ya vyama hivyo, haina sahihi ya kidijitali kwa sababu cheti chake hulipiwa kila mwaka kwa fedha za kigeni, na kila anapoirekebisha inakuwa faili jipya machoni pa mlinzi. Ugeni wake ndio kosa lake. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sayansi ya kompyuta hulikuta jambo hilohilo: mtu anaandika programu ya mistari kumi ya kujumlisha namba, anaitafsiri kwa lugha ya mashine, na kabla hajaiendesha kingavirusi imekwisha kuinyakua. Huona fahari kidogo, kisha huudhika.

Hoja ya Cohen

Msomaji aweza kuuliza: je, wataalamu wakiongeza bidii, hawawezi siku moja kutunga kingavirusi isiyokosea kabisa? Jibu ni hapana, na hapana hiyo imethibitishwa kihisabati.

Fred Cohen alikuwa akisomea shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, alipofanya majaribio yake ya kwanza ya virusi mwaka 1983. Mwaka uliofuata alitoa maandishi yake mashuhuri juu ya jambo hilo. Jina lenyewe la virusi alipendekezewa na mwalimu wake, Leonard Adleman, ambaye ni mmoja wa watatu waliobuni mbinu ya usimbaji iitwayo RSA. Hoja ya Cohen ni fupi kiasi kwamba yaweza kufuatwa na mtu ambaye hajasoma kompyuta.

Tuseme yupo mlinzi mkamilifu, ambaye ukimpa programu yoyote hujibu kwa hakika "ni kirusi" au "si kirusi", wala hakosei kamwe. Sasa mimi naandika programu yenye amri hizi: kwanza, muulize huyo mlinzi mkamilifu kama mimi ni kirusi, akijibu kwamba ni kirusi, nisifanye lolote na nikome, akijibu kwamba si kirusi, nijinakili katika mafaili mengine. Mlinzi atajibu nini? Akisema ni kirusi, programu haitaenea, kwa hiyo si kirusi, naye amekosea. Akisema si kirusi, itaenea, kwa hiyo ni kirusi, na hapo pia amekosea. Hivyo mlinzi mkamilifu hawezi kuwapo. Hoja hii ni ndugu wa ile aliyoitoa Mwingereza Alan Turing mwaka 1936, kwamba hakuna njia ya jumla ya kujua kama programu yoyote ile itafika mwisho au itazunguka milele.

Ikiwa ukamilifu hauwezekani, basi kila mtengenezaji hana budi kuchagua aina ya kosa atakalolivumilia zaidi. Mlinzi mkali huwapitisha wezi wachache lakini huwakamata wenye nyumba. Mlinzi mpole hawasumbui wenye nyumba ila wezi hupita. Hakuna anayeuza mlinzi wa tatu.

Hesabu ya kengele

Kuna jambo jingine ambalo hata wenye elimu nzuri hulikosa, nalo ni la hesabu. Nitatumia namba nilizozichagua kwa urahisi wa kukokotoa.

Chukua kompyuta yenye mafaili 200,000, na tuseme 10 kati yake ni mabaya. Kingavirusi iliyopo ni hodari sana: hukamata mabaya 99 katika kila 100, na hutuhumu kimakosa faili moja tu jema katika kila 10,000. Tukichungua kompyuta nzima, mabaya yote 10 au karibu yote yatakamatwa. Mema yaliyobaki, ambayo ni 199,990, yatatoa tuhuma potofu 20 hivi. Jumla kengele italia mara 30, na katika hizo 20 ni za uongo. Mlinzi ambaye hukosea mara moja tu katika 10,000 amekuwa mlinzi ambaye tuhuma zake mbili katika kila tatu ni potofu! Wala hakuna udanganyifu katika hesabu hii. Chanzo chake ni kwamba mafaili mema ni mengi mno kuliko mabaya.

Sasa mpe mlinzi huyohuyo viambatisho 1,000 vya baruapepe kutoka kwa watu wasiojulikana, na tuseme 300 kati yake vina madhara. Atakamata 297, na tuhuma potofu kutoka katika vile 700 vilivyo safi hazitafika hata moja. Hapa kengele ikilia, iamini. Mlinzi hakubadilika hata kidogo; kilichobadilika ni mahali faili lilikotoka.

Madaktari wanalijua jambo hili kwa uzoefu. Kipimo cha haraka cha malaria kinachotafuta protini iitwayo HRP2 huweza kuendelea kuonyesha ugonjwa kwa majuma kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa maana protini hubaki katika damu baada ya vimelea kufa. Mganga mwenye busara humwuliza mgonjwa kama ametumia dawa karibuni kabla ya kukisoma kipimo. Nasi, kabla ya kuisoma tuhuma ya kingavirusi, hatuna budi kuuliza faili limetoka wapi.

Siku walinzi walipoivamia nyumba

Isidhaniwe kwamba tuhuma potofu ni usumbufu mdogo wa makarani. Mwezi Mei mwaka 2007, masasisho ya Symantec yaliyatuhumu mafaili mawili muhimu ya Windows XP ya lugha ya Kichina, na kompyuta zilizoyaondoa hazikuweza kuwaka tena. Novemba 2008 kingavirusi ya AVG ililitia hatiani faili user32.dll, ambalo bila hilo Windows haiendi. Septemba 2011 kingavirusi ya Microsoft yenyewe iliiondoa programu ya Chrome ikiidai kuwa ni Zbot, mwizi wa maneno ya siri ya benki. Mwaka uliofuata, katika mwezi uleule, kingavirusi ya Sophos ilizituhumu programu za masasisho za kampuni mbalimbali, zikiwamo zake yenyewe, hata ikawa vigumu kuipelekea dawa ya kosa lake.

Lililo kubwa kuliko hayo lilitokea tarehe 21 Aprili 2010. Kampuni ya McAfee ilitoa daftari la alama namba 5958, lililokuwa na alama mpya ya kirusi kiitwacho Wecorl. Alama hiyo ilililingana na svchost.exe, faili halali la Windows XP lililokwisha kupewa marekebisho ya tatu. Faili hili ndilo linalobeba huduma nyingi za mfumo endeshi, pamoja na zile za mtandao. Kompyuta zilizolipokea daftari zililitia faili lao wenyewe kizuizini, zikapoteza mtandao, zikawa zinajizima na kujiwasha bila kikomo. Na kwa kuwa mtandao ulikwisha kukatika, dawa haikuweza kupelekwa kwa njia ya mtandao. Fundi alilazimika kuiendea kila mashine kwa miguu. Katika jimbo la Rhode Island, Marekani, hospitali ziliacha kwa muda kuwapokea wagonjwa wa dharura ambao hawakuwa na majeraha makubwa. Kampuni ilikiri baadaye kwamba majaribio yake kabla ya kutoa daftari hayakuigusa michanganyiko yote ya mashine zilizokuwa zikitumiwa na wateja.

Siku ambayo kengele ilikuwa ya kweli

Baada ya kuyasoma hayo, msomaji aweza kushawishika kuidharau kengele. Basi na asome na hili.

Kampuni ya 3CX hutengeneza programu ya simu za ofisini zinazopita katika intaneti, na wateja wake ni mamia ya maelfu ya makampuni duniani. Kuanzia tarehe 22 Machi 2023 baadhi ya wateja waliona kingavirusi ya SentinelOne ikiizuia programu hiyo. Faili lilikuwa limetoka kwa mtengenezaji mwenyewe, kwa njia ya masasisho ya kawaida, tena lilikuwa na sahihi halali ya kidijitali. Kila dalili ilionyesha tuhuma potofu, na wateja wengi waliichukulia hivyo. Baadhi waliiamrisha kingavirusi yao iiache programu hiyo ipite. Walipoiuliza 3CX, waliambiwa wakaulize kwa mtengenezaji wa kingavirusi.

Tarehe 29 Machi kampuni ya CrowdStrike ilitangaza kwamba programu hiyo kweli ilikuwa na madhara, na siku iliyofuata 3CX ilikubali. Wavamizi, ambao wachunguzi waliwahusisha na Korea ya Kaskazini, walikuwa wameingia katika karakana ya kampuni na kupenyeza msimbo wao kabla ya sahihi kutiwa. Mwezi Aprili wachunguzi wa Mandiant walieleza mlango walioingilia: mfanyakazi mmoja wa 3CX alikuwa ameipakua programu ya biashara ya masoko ya fedha, X_TRADER, ambayo nayo ilikuwa imechezewa huko ilikotoka. Ajali ya namna hiyo haikuwa ya kwanza. Mwaka 2017 programu ya CCleaner, toleo la 5.33, ilisambazwa kutoka kwa mtengenezaji wake ikiwa na sahihi halali na madhara ndani yake.

Kwa hiyo sahihi ya kidijitali inathibitisha nani aliyelifunga furushi. Haithibitishi kilichokuwamo mezani alipokuwa akifunga. Katika siku saba zile za Machi, aliyebonyeza "ruhusu" na aliyebonyeza "futa" wote walikuwa wanakisia. Aliyeliacha faili kizuizini akaendelea kuuliza ndiye aliyekuwa salama.

Namna ya kuipima tuhuma

Basi turudi kwa karani wetu na mishahara yake. Jambo la kwanza ni kutofanya lolote lisiloweza kurudishwa. Kingavirusi nyingi haziliharibu faili mara moja, bali huliweka karantini, yaani hulihamishia mahali maalumu na kulibadilisha umbo ili lisiweze kuendeshwa. Faili lililo karantini halina madhara na laweza kurudishwa likiwa kamili, hivyo liache humo. Karani aandike katika karatasi jina la faili, folda lilimokuwamo, saa, na jina la kirusi kama lilivyotajwa, herufi kwa herufi. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu yatosha.

Jina hilo lina habari nyingi kuliko watu wanavyodhani. Likitaja jamii maalumu ya virusi, yaani jina la pekee ambalo lina maelezo yake, maana yake ni kwamba kimepatikana kitu kinachojulikana. Likiwa na maneno kama "Gen" au "Heur", mlinzi anasema kwamba ameona dalili za jumla. Katika kingavirusi ya Microsoft, jina linaloishia na "!ml" huonyesha kwamba hukumu imetolewa na ile mashine iliyofunzwa. Nalo "PUA" si kirusi kwa maana halisi. Ni programu ambayo mlinzi anadhani huenda hukuitaka, kama zile zinazojipachika pamoja na nyingine na kuleta matangazo. Kadiri jina lilivyo la jumla, ndivyo uwezekano wa tuhuma potofu unavyoongezeka, ingawa jina la jumla peke yake halimwachii mtu huru.

Kisha iulizwe historia ya faili. Je, limebadilika? Faili lililokaa miaka mitatu bila kuguswa, likatuhumiwa asubuhi ileile daftari jipya lilipoingia, kwa kompyuta zote za ofisi kwa pamoja, lina kila sura ya tuhuma potofu. Faili hilohilo likiwa limebadilika tarehe ya jana, na hakuna aliyelisasisha, ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa virusi vya aina ya kale hujipachika ndani ya programu halali. Na faili lililokuja kwa flashi iliyotoka duka la kuchapa, au kwa kiambatisho cha mtu usiyemtarajia, lisitetewe. Lifutwe, nakala nyingine iombwe kwa mwenyewe.

Kubadilika kwa faili hupimwa kwa namba ya muhtasari. Kuna kanuni ya hisabati, iitwayo SHA-256, ambayo huchukua faili la ukubwa wowote na kutoa mfululizo wa herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha baiti moja tu ya faili, mfululizo wote hubadilika. Ndani ya Windows imo amri ya certutil iwezayo kuikokotoa. Karani, au fundi wake, aikokotoe namba hiyo kwa nakala iliyomo katika diski ya akiba, kisha ampigie simu mtunga programu amsomee. Zikilingana, faili halikuchezewa baada ya kutoka kwa mtunzi. Kama ilivyokuwa kwa 3CX, hilo halituhakikishii kwamba karakana ya mtunzi ni safi. Ndiyo maana ni lazima mtunzi naye aulizwe kama wateja wengine wameona tuhuma hiyo, na aichungue mashine yake ya kazi, badala ya kujibu kwa hasira kwamba yeye si mwizi.

Baada ya hapo yatafutwa maoni ya pili. Ipo huduma ya VirusTotal, iliyoanzishwa Hispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012, ambayo hulichunguza faili moja kwa kingavirusi zipatazo 70 kwa pamoja. Ni huduma yenye manufaa makubwa, lakini ina mitego miwili. Wa kwanza ni wa siri: faili lililopelekwa huko laweza kupakuliwa na watafiti na makampuni yanayolipia huduma hiyo. Kwa hiyo karatasi za mitihani, majalada ya wagonjwa au orodha ya mishahara visipelekwe kamwe. Yatosha kutafuta kwa namba ya muhtasari. Kama faili limewahi kuchunguzwa, majibu yatatokea bila ya kulipeleka.

Mtego wa pili ni wa kuhesabu kura. Kingavirusi kadhaa za majina tofauti hutumia injini iliyokodiwa kutoka kwa kampuni moja, kwa mfano ile ya Bitdefender, hivyo "mashahidi" watano huweza kuwa shahidi mmoja aliyevaa kofia tano. Tena mashahidi husikilizana. Mnamo mwaka 2010 kampuni ya Kaspersky ilieleza jaribio lake: ilitengeneza mafaili 20 yasiyo na madhara yoyote, ikayatuhumu kwa makusudi 10 kati yake, na kuyapeleka yote VirusTotal. Baada ya siku kumi hivi, yale 10 yaliyotuhumiwa yalikuwa yakituhumiwa pia na makampuni mengine, hadi 14. Kura mbili au tatu za majina ya jumla katika 70, kwa programu ndogo isiyo na sahihi, ni jambo la kawaida. Kura za makampuni kadhaa makubwa yasiyotumia injini moja, zikikubaliana juu ya jamii ileile ya kirusi, ni jambo zito. Na faili likiwa jipya, lichunguzwe tena kesho yake na keshokutwa, maana tuhuma potofu hupungua jinsi makosa yanavyosahihishwa, ilhali tuhuma za kweli huongezeka.

Wakati huohuo, faili lipelekwe kwa mtengenezaji wa kingavirusi. Makampuni yote makubwa yana mahali pa kupokelea malalamiko ya tuhuma potofu. Wanaofanya hivyo ni wachache, kwa kudhani kwamba malalamiko kutoka Kigoma au Lamu hayatasomwa. Hudhani vibaya, kila tuhuma potofu ni aibu ya kampuni, na mtunga programu mdogo aliyepeleka programu yake mapema, kabla ya kuigawa kwa wateja, hujiokoa na simu nyingi.

Kwa nini nisiizime?

Nimesikia mara nyingi hoja kwamba ofisi ikishahakikisha faili ni jema, njia nyepesi ni kuizima kingavirusi, au kuiamrisha isilitazame kabisa folda zima la programu hiyo, au hata diski nzima. Ni sawa na mtu ambaye, kwa kuwa mbwa amembwekea mgeni mmoja mwema, anamfunga mbwa na kuacha lango wazi. Folda lisilotazamwa ni maficho, na baadhi ya virusi vya siku hizi huitafuta orodha ya mahali pasipotazamwa. Ruhusa itolewe kwa faili moja, na pale kingavirusi inapowezesha, kwa namba yake ya muhtasari, ili kwamba siku faili likibadilika ruhusa nayo iishe. Iandikwe katika daftari la ofisi: nani aliyeitoa, lini, na kwa sababu gani.

Kuna kundi moja ambalo hoja ya tuhuma potofu imekuwa kisingizio chake. Nazungumzia programu za kuvunja kufuli za programu zinazouzwa, ambazo hupatikana kwa wingi katika flashi za mitaani. Karibu zote huja na maelekezo yaleyale: zima kingavirusi kwanza, usiogope, ni tuhuma potofu. Pengine kweli baadhi hutuhumiwa kwa ajili ya kazi zao tu. Lakini mtu anayetaka kukuibia hana njia rahisi kuliko kukuomba umfukuze mlinzi kwa mkono wako mwenyewe, na hapa hakuna mtunzi wa kumpigia simu wala namba ya muhtasari ya kulinganisha. Msomaji aukumbuke mfano wa vile viambatisho 1,000.

Ikiwa uchunguzi utaonyesha kwamba tuhuma ni ya kweli, kompyuta itenganishwe na mtandao, maneno ya siri yaliyotumiwa humo yabadilishwe kutoka katika kompyuta nyingine, na taarifa itolewe. Tanzania ina kikosi cha TZ-CERT chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na Kenya ina KE-CIRT chini ya mamlaka yake.

Na ikiwa tuhuma ni potofu, mishahara ingali ya kesho kutwa, na jibu la mtengenezaji wa kingavirusi huenda likachukua siku moja au zaidi. Hapo karani, akiwa ameridhika juu ya historia ya faili, namba ya muhtasari na maoni ya pili, alirudishe kutoka karantini kwa ruhusa ya faili moja, katika kompyuta moja isiyounganishwa na intaneti, akokotoe mishahara na kuichapa. Kompyuta nyingine za ofisi zisubiri. Jibu likifika na daftari jipya likaingia, ile ruhusa iondolewe, faili lichunguzwe upya, na likipita bila kengele ndipo mashine zote zirudi kazini.